Vijana Watatu Waliohifadhiwa

Kwa niaba ya Idara ya Kuhifadhi Majengo ya Kale, na kwa idhini niliyojipa mwenyewe mimi mpika chai wake wa miaka thelathini na moja, nawatangazia wote kwamba tatizo la wataalamu chipukizi limekwisha. Zamani vijana waliosomea kukarabati majengo ya kale walikuwa wakizunguka mitaani na vyeti vyao kwapani. Siku hizi hawazunguki. Hata kusimama hawasimami sana. Tumewahifadhi.

Nayasema haya kama mjumbe wa kamati. Kamati ilihitaji mwakilishi wa jamii, na siku hiyo jamii yote iliyokuwa karibu ilikuwa ni mimi na trei yangu.

Mambo yalianza kwa barua kutoka juu. Juu ni wapi, sijui. Ofisi yetu ina ghorofa moja tu na barua haikutoka huko. Ilisema kila idara iandae mpango wa kuwasaidia vijana wa fani yake. Mkurugenzi akamwagiza Katibu aandike waraka. Katibu wetu ni mtu mwaminifu sana, ila idara hii tangu izaliwe ina kitenzi kimoja tu. Tunahifadhi. Hatujui kufanya kingine, na hicho chenyewe tunakijua kwa kukiandika. Vidole vyake vikapita njia vinayoijua, na badala ya "Mpango wa Kusaidia Wataalamu Chipukizi" ukatoka "Mpango wa Kuhifadhi Wataalamu Chipukizi." Mkurugenzi akasaini bila kusoma, kama inavyompasa mtu mwenye shughuli nyingi. Muhuri ukagongwa. Nakala zikaenda mahali kumi na moja.

Kosa nililiona mimi, nikifuta meza. Niliishia darasa la saba, kwa hiyo husoma kila neno. Waliosoma zaidi huangalia kichwa cha barua na tarehe.

"Mkurugenzi," nikamwambia, "hapa imeandikwa kuhifadhi. Hawa watoto wa watu mnawatia chumvi au mnawaanika?"

Mkurugenzi ni mwanamume ambaye tumbo lake hufika kikaoni kabla yake. Alizaliwa mimi nikiwa tayari mke wa mtu, lakini kwa itifaki ya ofisi mimi ndiye ninayemwamkia. Akaitazama ile karatasi kwa muda.

"Mama, muhuri umeuona?"

"Nimeuona."

"Basi. Muhuri ukishagongwa, hakuna tena kosa. Kuna utekelezaji."

Kamati ikakaa. Katibu akafungua kitabu cha Kanuni za Hifadhi, akasoma kanuni ya nne kwa sauti ya msibani: kilichohifadhiwa hakihamishwi, hakibadilishwi, hakiongezwi kitu, wala hakitumiwi kwa kazi yoyote bila kibali.

"Samahani," nikasema. "Hizo si kanuni za nyumba?"

"Kanuni haikutaja nyumba," akajibu Katibu. "Imesema kilichohifadhiwa. Ki. Kiti, kikombe, kijiko, kijana. Ngeli moja."

"Mwalimu wangu wa darasa la nne alisema kijana ana pumzi, kwa hiyo kijana amekuja. Kiti ndicho kimekuja. Alitufundisha kwa fimbo, ndiyo maana sijasahau."

Mkurugenzi akatafakari, akanywa chai, akatafakari tena.

"Huyo mwalimu wako alikuwa na muhuri?"

"Alikuwa na fimbo."

"Haya. Tuendelee."

Muhtasari wa kikao ukaandikwa kwamba vijana vitatu vitapokelewa Jumatatu na kuwekwa mahali pakavu.

Vikapokelewa. Wa kwanza alikuwa binti wa chokaa na mawe, mwembamba, viganja vigumu kama vya mwanamke aliyetwanga maisha yake yote, tukamwita Chokaa. Wa pili alikuwa kijana wa milango na mihimili, tukamwita Patasi. Wa tatu mchora ramani, Rula, asiyesema mpaka apime. Walikuja na mikoba ya vifaa, nyuso zimeng'aa, wakidhani wameitwa kazini. Katibu akawakalisha kwenye benchi la ukumbini chini, akazungusha kamba, akawavika kila mmoja kibao chenye namba na neno USIGUSE. Mkurugenzi akapiga nao picha, upande wa nje wa kamba.

Chai yao iliwekwa chini ya kifungu cha matunzo, ambacho ni mimi.

"Bibi," Chokaa akaniuliza siku ya tatu, "sisi hapa tunafanya nini?"

"Mnadumu, mjukuu wangu."

Hakucheka. Akatoa mkobani kitabu kidogo chenye jalada la kijani, akanionyesha. Ili fundi wa majengo ya kale aingie kwenye daftari la mafundi, lazima awe na saa mia mbili za kazi ya mikono, kila siku imesainiwa na msimamizi wa jengo. Yeye alikuwa nazo sitini. Mwisho wa kupeleka kitabu ulikuwa mwisho wa Juni. Zikipungua, jina linafutwa, na aliyefutwa haruhusiwi kugusa jengo la kale maisha yake yote.

"Mama ameshaambiwa na shangazi kuna kiti kitupu saluni kwake," akasema. "Wananingoja kwa upendo kabisa nishindwe. Na mimi kusuka sijui, Bibi. Nitawang'oa watu vichwa."

Nikamwambia aende kwa Mkurugenzi. Akaenda na kibao chake shingoni, mimi nikimfuata na chai, ili nisikose neno.

"Shikamoo, Mkurugenzi. Naomba kazi. Ukuta wa ngazini umevimba."

Ukuta ulikuwa umevimba kweli. Jengo letu lilijengwa kwa mawe na chokaa na watu waliokwisha kufa zamani, na kuta za namna hiyo hupumua. Mkurugenzi alipoteuliwa alitaka ofisi ya kuhifadhi ya kale ionekane ya kisasa, akaamuru zipigwe saruji ndani na nje. Tangu hapo unyevu umefungiwa ndani hauna pa kutokea, na ukuta umetuna kama shavu lenye jipu. Kila asubuhi nachuja chai mara mbili: mara moja majani, mara moja saruji.

"Wewe umehifadhiwa," Mkurugenzi akamwambia kwa upole. "Ukishika mwiko utachakaa."

"Nisiposhika sitapata uzoefu."

"Na asiye na uzoefu hatumruhusu kushika. Unaona kanuni zinavyopendana?"

Wiki zikapita, mpango ukastawi. Ujumbe kutoka mikoani ukaja kujifunza. Patasi akapiga chafya, Katibu akaandika ripoti ya mtetemeko. Rula akaota ndevu, akapewa onyo la nyongeza isiyo na kibali, akaamriwa anyoe; kabla hajamaliza kunyoa likaja onyo la pili kwamba kunyoa ni kubadilisha. Alibaki na upande mmoja. Kila mwezi tuliandika kwamba vijana havijapungua wala kuongezeka, na huko juu wakatusifu kwamba hakuna idara iliyowahi kuwatunza vijana wake hivi.

Mei ilipofika nusu, Chokaa alikuwa bado na saa sitini. Aliacha kuuliza maswali. Nikaanza kuogopa, maana msichana wa aina ile akinyamaza ama amekata tamaa au anapanga jambo.

"Bibi," akasema asubuhi moja, "kile kitabu cha kanuni kinakaa wapi?"

"Kabatini kwangu, chini ya sukari. Mwenye haja nacho ni mchwa tu."

"Niletee."

Nikakileta chini ya trei. Akakisoma siku tatu, kikiwa magotini, huku wageni wakimpiga picha na kusema vijana wa siku hizi wanyenyekevu. Siku ya nne akaniomba karatasi. Akaandika barua, nakala mahali kumi na moja, akampa Katibu ampelekee Mkurugenzi. Katibu, kama nilivyosema, ni mwaminifu. Akaipeleka.

Ilikuwa fupi. Ilikumbusha kwamba kwa kanuni ya ishirini na mbili, kila kilichohifadhiwa kina eneo la kinga la mita thelathini kila upande. Ndani yake hapafanyiki ofisi, hapaegeshwi gari, hapakaliwi kikao, na hapabaki mtu ila mtunzaji na mwenye kibali cha mtaalamu wa hifadhi aliye karibu zaidi. Saruji yoyote itakayokutwa humo iondolewe bila kuchelewa.

Mkurugenzi akacheka mpaka miwani ikapata ukungu. "Kapime," akamwambia Katibu, "ili tuwajibu kitaalamu."

Katibu akachukua futi kamba, akaanza kupima kutoka benchini. Akapita ukumbini, akapanda ngazi, akaingia ofisi ya Mkurugenzi, akatokea dirishani, akashuka kwa nyuma, akalipita gari la Mkurugenzi, na mita ya thelathini ikamkuta ng'ambo ya barabara, mguu mmoja mtaroni. Akarudi amepauka.

"Mkurugenzi, uko ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ya kinga. Mita kumi na moja na nusu."

"Wahamisheni hao vijana."

"Hakihamishwi. Kanuni ya nne."

"Futeni mpango."

"Una muhuri."

Mkurugenzi akaiweka miwani mezani. Halafu akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza jina la ugonjwa wake: "Na mtaalamu wa hifadhi aliye karibu zaidi ni nani?"

Katibu akatazama sakafuni, upande lilipo benchi.

Wangeweza kuikunjakunja barua ile wakaitupa, lakini nakala zilikwisha kusambaa, na Alhamisi akaja mkaguzi kutoka juu na futi kamba yake mwenyewe. Akapima. Ikatoka vile vile. Akampongeza Mkurugenzi kwa kuwa kiongozi wa kwanza kufuata kanuni hadi mtaroni, akamshika mkono, akangoja aone meza ikitoka. Saa tisa alasiri Mkurugenzi alikuwa ng'ambo ya barabara, chini ya mwavuli, kati ya fundi viatu na mwuza vocha. Katibu alisimama kando yake akiushikilia muhuri usipeperuke.

Ndani tukabaki wanne: wao watatu na mimi, mtunzaji. Kanuni inasema msimamizi wa jengo ni afisa mwenye utumishi mrefu zaidi aliyebaki ndani. Nikajitazama kwenye sinia. Nikakubali uteuzi.

Kulikuwa na jambo moja la kibali cha kufanya kazi, maana na wao walikuwa wamehifadhiwa, na kibali hutolewa na mtaalamu aliye karibu zaidi. Wakakaa benchini wakafuata utaratibu. Chokaa akampa kibali Patasi, Patasi akampa Rula, Rula akapima umbali, akaridhika, akampa Chokaa. Wakavua vibao, wakakata kamba.

Siku ile ya kwanza nilimsikia Chokaa akigonga ukuta wa ngazini kwa kifundo cha kidole, kama daktari, na kusikiliza. Halafu nyundo na patasi. Gamba la saruji lilidondoka kama ukoko wa wali chunguni, na nyuma yake ukuta ulikuwa umelowa, una harufu ya kisima. Akauacha ukauke siku nyingi, milango wazi. Huku ukikauka walihamia vyumba vingine. Patasi akatoa mhimili ulioliwa akaunganisha mpya bila msumari, Rula akachora kila jiwe. Chokaa yenyewe waliikuta shimoni nyuma ya choo, imelowekwa tangu enzi za mkurugenzi aliyepita, laini kama siagi. Jioni alinyoosha kile kitabu cha kijani nami nikasaini kwa mwandiko wa darasa la saba, herufi zimesimama wima kama watoto mstarini.

Kuna siku alichoka, viganja vimechubuka, akakaa ngazini.

"Zimefika ngapi, Bibi?"

"Mia moja sabini na mbili. Inuka, saluni inakuita."

Akainuka.

Tarehe ishirini na sita Juni kitabu kilikwenda na saa mia mbili na tatu. Kikarudi na barua ya mstari mmoja: jina limeingizwa. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaenda kuosha mwiko. Mama yake alipopiga simu nilimsikia akisema, "Mwambie shangazi kile kiti ampe mtu mwingine." Alisema kwa adabu, lakini niliona alivyokikamata kile kipini cha mwiko.

Sasa mvua ikaanza, na mwavuli una mipaka yake. Wiki iliyofuata Mkurugenzi akavuka barabara, akasimama kwenye kizingiti, kiatu kimoja kinalia maji. Chokaa akatoka, mavumbi mpaka nyusi.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba. Naomba kibali cha kuingia."

"Kwa kazi gani?"

"Mimi ni mkurugenzi."

"Hicho ni cheo. Nimeuliza kazi."

"Nina miaka thelathini katika hifadhi, binti yangu."

"Ya mikono?"

"Nimesaini sana."

Chokaa akamzunguka polepole, kama mtu anunuaye ng'ombe. Akatazama misingi, akatazama paa. Akamgonga begani kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Umri?"

"Hamsini na tisa."

"Rula, andika," akasema. "Cha umri huu hatukibomoi. Tunakibadilishia matumizi."

Nina furaha kutangaza kwamba Mkurugenzi yumo ndani tena, uani, na chekeche. Anachekecha mchanga wa kuchanganya na chokaa, kuanzia saa moja na nusu asubuhi. Ndoo ya kwanza aliileta mwenyewe akiwa ameikumbatia, jasho linamtoka. Chokaa akatia mkono, akausugua mchanga kati ya vidole.

"Una mapumba. Rudia."

"Binti yangu, mimi nimewahi kuhutubia mkutano mzima kuhusu mchanga."

"Vizuri, basi mnafahamiana," akasema, akamrudishia ndoo.

Mkurugenzi akanitazama mimi. Nikampa kikombe cha chai, nikamshikia koti, akarudi kuchekecha.