Hotuba ya Mwenyekiti wa Kampuni ya Majina ya Intaneti Kuhusu Chumba cha Mbele

Mheshimiwa mimi mwenyewe, Mwenyekiti, Mkurugenzi Mkuu, Mweka Hazina na Mshika Ufunguo wa Kampuni ya Kununua na Kuuza Majina ya Intaneti; Mheshimiwa mdogo wangu wa tumbo moja, ambaye hana cheo ila ana mdomo; Mheshimiwa binti yangu Fundi Cherehani, mlalamikaji; Mheshimiwa mkwe wangu Fundi Simu, Mkuu wa Kitengo cha Kubofya; wajukuu mliokaa chini kwa sababu viti ni vya wageni; jirani uliyesimama dirishani ukijifanya unaanika nguo iliyokauka tangu asubuhi; mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na ambaye hajatajwa ajilaumu kwa kukosa umuhimu. (Makofi. Mdogo wangu anauliza kama kuna soda.)

Hakuna soda.

Ndugu wajumbe, nimesimama mbele yenu kwa heshima na taadhima, na kwa miguu inayouma, ili kutoa tamko rasmi juu ya suala nyeti, mtambuka na la kimkakati linaloikabili kampuni yetu, nalo ni hili: tuendelee na biashara ya majina, au tufunge, tutoe meza, tubandue bango, na chumba hiki cha mbele apewe binti yangu aweke cherehani zake? Maana mwalimu mkuu ana sare za shule nzima za kushonwa, lakini amesema hatampa kazi fundi anayeshonea kwenye korido, mahali ambapo mtu akitoka chooni lazima aruke pasi ya moto. Na jibu analitaka leo kabla ya jioni, la sivyo kazi inakwenda kwa fundi mwingine. Binti yangu naye amesema kazi hii ikimpita, atahama na mumewe na watoto wakapange kwingine. Amesema kwa upole. Upole huo naujua, kaurithi kwangu, na mimi nikisema kwa upole huwa nimeshafunga mizigo. (Binti yangu anaangalia dari.)

Sasa, kabla ya kuamua, lazima nitoe usuli, maana kiongozi anayeamua bila kutoa usuli ni mpiga kelele tu. (Mdogo wangu: "Na anayetoa?") Anayetoa ni mpiga kelele mwenye mpangilio. Nyamaza.

Usuli ni huu. Nilikuwa kwenye foleni ya zahanati kupima presha, nikakaa karibu na bwana mmoja aliyevaa miwani ya jua ndani ya jengo. Bwana yule akanielimisha kwamba huko kwenye intaneti kila duka lina jina lake, lile unaloliandika kwenye simu duka likatokea, na jina hilo huitwa domeni. Anayewahi kulinunua ndiye mwenyewe, na kila mwaka analilipia ili libaki lake. Na mwenye duka akija kulitaka anakuta limeshikwa, inabidi amfuate mwenye nalo kwa adabu na mfuko uliojaa. Akasema yeye aliuza jina moja tu, akajenga. Mimi sikumuuliza imekuwaje mtu aliyejenga anapimwa presha ya bure pamoja na mimi. Swali hilo lilinijia nikiwa nimeshafika nyumbani na kochi nimeshalitoa nje. (Kicheko. Mwenyekiti anaruhusu kicheko kidogo, kisha anakifuta.)

Ndivyo mimi, niliyeishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nikitazama sana nje, nilivyoanzisha kampuni ya teknolojia. Nikaweka meza hapa. Nikabandika bango mlangoni: OFISI, PIGA HODI. Nikachongesha muhuri wa duara, ambao mpaka leo umegongwa kwenye viganja vya wajukuu tu. Katika kipindi cha uongozi wangu uliotukuka, kampuni imepiga hatua kubwa katika nyanja za kuketi, kutafakari na kuita watu. Na utafiti wetu wa ndani, yaani wa ndani ya chumba hiki, unaonyesha kwamba asilimia tisini ya majina yote yaliyobuniwa yalitoka kwenye kichwa changu, na asilimia kumi zilizobaki zilitoka kwa mkwe, zikakataliwa. (Mkwe anaitikia kwa kichwa, kwa adabu.)

Na majina yalikuwa majina! Mkwe alikaa hapo na kompyuta yake yenye ufa kwenye kioo, mimi nikitamka, yeye anabofya. Nikasema, andika "majeneza mazuri", yote kwa pamoja, nukta kom, maana hiyo ni bidhaa ambayo soko lake halichuji. Akabofya. Nikasema, andika "vyoo vya kisasa". Akabofya. Nikasema, andika "wakwe wema". Akabofya hilo nalo, hata uso haukumbadilika. Kila nilichoagiza aliitika, "Sawa, mama." Tangu amwoe binti yangu hajawahi kunipinga, wala kunikazia macho ninapoongea. Nikajivuna mtaani kwamba nina mkwe asiye na neno "lakini". (Mdogo wangu: "Hata mimi ulinisimulia, na sikuwa nimeuliza.")

Basi juzi, katika kutekeleza ule mkakati wetu kabambe wa kumfuata mdau pale alipo, nilivaa viatu vinavyobana, nikabeba mkoba usio na kitu ndani, nikaenda barabara kuu kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kwa yule tunayemwita Bwana Misumari. Duka lake linaitwa Bati Imara, na jina la Bati Imara la kwenye intaneti, kwa ufahamu wa ofisi hii, lilikuwa mali yetu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimekuja kiofisi."

"Unataka bati au misumari?"

"Nataka kukuuzia jina lako."

Akaacha kupima waya. "Jina langu nilipewa na baba, bibi. Yuko hai, kamuulize kama anadai chochote." Wateja wakacheka, na fundi bomba mmoja akacheka kupita mipaka. Nikamweleza habari za domeni, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Akajipiga paji la uso. "Ahaa, lile! Lile ninalo. Binti yangu kalinunua wiki iliyopita."

"Kalinunua kwa nani?"

"Kwa wanaoyauza. Lilikuwa wazi."

"Lilikuwa langu!"

"Bibi yangu, lingekuwa lako lisingekuwa wazi."

Nikamwita mwizi. Nikamwita mwizi mbele ya wateja, mbele ya fundi bomba, mbele ya wapakizi wa saruji, kisha nikaongeza maelezo ya kina juu ya malezi yake. Na yule mtu mnajua alifanya nini? Akaniletea kiti. Akaniletea na maji. Ndugu wajumbe, sijawahi kudhalilika kama siku niliyonyweshwa maji na mwizi wangu, tena maji ya baridi, nikayamaliza yote. (Kicheko kirefu. Jirani wa dirishani anajisahau, anaegemea kabisa.)

Nikarudi nyumbani, nikamwita mkwe ndani ya ofisi, nikafunga mlango, nikamuuliza jina letu limevuja kupitia wapi. Alichonijibu mtakisikia kwenye shukrani. (Mdogo wangu: "Tuambie sasa hivi!") Ratiba ni ratiba. (Mdogo wangu: "Ratiba umeitunga wewe!") Ndiyo maana naifuata.

Sasa nije kwenye uamuzi. Menejimenti imefanya tathmini shirikishi, ambapo nilishirikiana na mimi, na niseme bila kupepesa: nilitaka tuendelee. Mseme bibi ana tamaa, mseme. Lakini tangu niache kuuza mitumba sokoni, nyie watu mlikuwa mnanipita tu mkienda kwenye friji. Mtu ananiruka miguu kama pasi ya korido. Nilipokaa kwenye meza hii mkaanza kupiga hodi. Mnasimama mlangoni, mnauliza, "Mama, tunaweza kuingia?" na mimi nafikiri kidogo kwanza, ingawa sina ninalofanya. Hata mdogo wangu alipiga hodi. (Mdogo wangu: "Mara moja, tena nilikuwa nimekosea mlango.")

Lakini jana nilitoka ofisini kwenda kunyoosha mgongo, nikamkuta binti yangu kwenye korido, kitambaa kimejaa mapajani, anakunja mguu ili mtoto apite na ndoo, ananyoosha, anakunja tena kwa mtoto mwingine, na huku anashona, na mshono haupindi. Hakunung'unika. Angenung'unika ningempa jibu lake pale pale. Nikabaki na jibu mdomoni, sina wa kumpa.

Hivyo basi, kwa mamlaka niliyojipa, natamka kwamba kuanzia saa hii chumba cha mbele ni cha cherehani, na Fundi Cherehani ampigie mwalimu mkuu simu kabla mimi sijabadilisha mawazo. (Vigelegele. Nguo kavu inaanguka nje. Binti yangu tayari ana simu sikioni.) Na kampuni je? Wapinzani wanauliza, kampuni inakufa? Haifi! Itaendelea kwa ari ileile, kasi ileile na mafanikio yaleyale, kwa sababu ni kampuni ya kipekee: haihitaji chumba, haihitaji meza, na kama mtakavyosikia, haihitaji hata majina. Aidha, kesho Mwenyekiti atafanya ziara ya kikazi kwa Bwana Misumari kumwomba radhi, na atavaa ndala.

Majina! (Wajukuu: "Yetu!") Domeni! (Wajukuu: "Maendeleo!") Bibi! (Kimya.) Nimesema, Bibi! (Wote, kwa uvivu: "Oyee.")

Nimalizie kwa shukrani. Shukrani za kwanza ni kwa mkwe wangu, kwa kutekeleza agizo langu bila kuongeza wala kupunguza. Siku ile ya kwanza alipoyaweka majina yote kwenye kikapu cha lile duka la intaneti linalouza majina, aliniambia, "Mama, sasa imebaki kulipa." Nikauliza bei. Akaitaja. Nikasonya. Nikamwambia, mwanangu, mimi ni mtu wa soko, na bei ya kwanza hailipwi, mteja anashika nguo, anauliza, anasonya, anairudisha, anaondoka polepole, na muuzaji mwenyewe anaita, "Njoo basi, mama, tuelewane." Funga kompyuta, tuondoke, watatuita. Akasema, "Sawa, mama."

Na kweli walituita! Kesho yake ukaingia ujumbe kwamba tumeacha vitu kwenye kikapu. Nikasema, umeona? Ana njaa huyo, mwache. Baadaye wakapunguza bei kidogo. Nikasema, mwache, bado hajaiva. Kisha wakanyamaza, nikasema anajikaza tu. Mimi nilijua jina likiwa kikapuni mwangu ni kama gauni nililolishika, mteja mwingine haligusi mpaka niliachie. Kumbe kikapu cha huko hakimzuii mtu yeyote. Kumbe mkwe alilijua hilo tangu mwanzo, na nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, akatazama viatu vyake, akasema, "Mama, ulikuwa umeshachongesha muhuri."

Kwa hiyo nawashukuru nyote, wanahisa, wadau na jirani, kwa kuiamini kampuni ambayo haijawahi kununua jina hata moja, haijawahi kuuza jina hata moja, na ambayo kwa sababu hiyo, ndugu wajumbe, haijawahi kupata hasara. (Makofi marefu. Mdogo wangu amelala chini kwa kicheko, analia, anaomba maji. Apewe, ya baridi.)

Shukrani za mwisho ni kwa Fundi Cherehani, ambaye Mwenyekiti amepeleka kwake maombi ya kazi ya kushona vifungo, maana mashati ya shule nzima yana vifungo vingi, na mimi sindano bado naitunga bila miwani. Amenitajia ujira wa kila shati. Ni mdogo. Ni wa kunidharau mimi niliyemzaa. Ingekuwa sokoni, saa hii ningekuwa nimeshasonya na kufika kituoni. (Binti yangu: "Kwa hiyo unaondoka, mama?")

Nimekaa. Lete hayo mashati.