Betri ya Lori kwa Ajili ya Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Mei

Habari njema na ya kutisha. Baba mkwe anakuja Jumamosi, anataka kwenda kuvua. Mke wangu kanipa taarifa huku anapima suruali ya mteja, kama vile ni jambo dogo.

Si dogo! Mwanyumba wangu, yule aliyemwoa dada wa mke wangu, kashajipanga. Namwita Bwana Vipimo, maana hupima hata chumvi ya yai. Ana boti kama yangu na mota kama yangu. Bwawani injini za petroli ni marufuku, ndiyo maji ya kunywa ya mji mzima, hivyo sote tunatumia mota ndogo za umeme. Umeme unatoka kwenye betri, na betri ndiyo iliyoniponza mwaka jana. Nilifunga ya pikipiki. Tukaenda mita mia, ikafa. Baba mkwe alipiga kasia mpaka nchi kavu. Tangu siku ile Bwana Vipimo anaitwa "mwanangu", mimi naitwa "yule bwana". Miaka kumi na moja ya ndoa, yule bwana! Inaniuma. Naandika hapa kwa sababu hapa hapasomwi na mtu.

Jumamosi mzee atapanda boti moja tu. Lazima iwe yangu. Kosa la mwaka jana nimelielewa vizuri: betri ilikuwa ndogo.

Jumanne, 5 Mei

Nimefunga kibanda changu cha kuchora mabango mapema, nikaenda kwa fundi betri. Ndani kuna harufu ya tindikali inayokata koo. Akaniuliza mota yangu inakula umeme kiasi gani, nitakaa majini saa ngapi, boti itabeba watu wangapi. Nikamwambia nimekuja kutafuta betri, si kuposa. Akacheka, lakini maswali hayakuisha.

Akaeleza kwamba betri ni za aina mbili. Ya kuwashia gari hutoa nguvu zote kwa mpigo mmoja, kama mtu anayepiga chafya, halafu inangoja injini iijaze tena. Ya sola hutoa kidogo kidogo kutwa nzima. Kwa mota ya boti nichukue ya sola, ampea mia. Akanionyesha moja. Kijivu, ukubwa wa matofali mawili. Haina hata sura.

Ndipo nikaiona kwenye kona. Betri ya lori! Kubwa kama sanduku la bati, ina mishikio ya kamba huku na huku. Fundi akasema hiyo imeshatumika sana, ameipima, ukiikamua haimalizi saa. Akachukua chaki, akaandika ubavuni NUSU SAA, tusije tukalaumiana. Nikamuuliza kama inawasha lori. Akakiri kuwa inawasha. Lori la tani kumi! Mimi na baba mkwe tukijumlishwa na kofia zetu hatufiki robo tani. Hapo kuna la kujadili? Tukabadilishana na baiskeli yangu isiyo na kiti. Fundi alinitazama kwa huzuni. Nadhani alijuta kuiachia.

Jumatano, 6 Mei

Mgongo hauna hali. Lakini betri imependeza! Jana usiku niliipaka rangi nyeusi ya kung'aa mara mbili, kingo za njano, na ubavuni nikaandika NGUVU kwa herufi zenye kivuli. Chaki ya fundi haionekani tena. Wanaosema chema chajiuza hawajawahi kuchora bango. Nilipoamka na kuiona uani nilidhani ni mpya, nikafurahi upya.

Mke wangu aliuliza fundi alishauri nini. Nikamjibu kwamba tulizungumza kwa kirefu. Huo si uongo.

Mchana nikaijaribu. Nilitumbukiza mota kwenye pipa la maji, nikaweka kasi ya tano, ya mwisho. Maji yaliruka mpaka kwenye kamba ya nguo, yakalowesha suruali ya mteja ikabidi nizime. Dakika mbili nzima bila dalili ya kuchoka! Kitu ambacho hakijachoka hata kidogo kwa dakika mbili, kitachokaje kwa saa mbili? Mke wangu ameipiga pasi ile suruali upya. Hasemi na mimi, ila chakula kanipa.

Alhamisi, 7 Mei

Nimekwenda kupeleleza. Nilisingizia nataka kuazima nyundo. Bwana Vipimo ananyanyua betri yake mpya kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kikombe cha chai! Kibetri cha lithiamu, cha kuchekesha. Ana daftari: kasi ya pili, saa sita, kasi ya tano, saa mbili. Akanishauri nami niende kasi ya pili, akaniambia kama nina shida nichukue betri yake ya sola ya zamani, bado nzima. Nzima! Mwanyumba hakuazimi betri bure. Nikamshukuru kwa tabasamu pana, nikaondoka. Nyundo nimeisahau kulekule.

Njiani nikapata wazo. Ile ya pikipiki ya mwaka jana ipo bado, kwa nini isisaidiane na kubwa? Nikaunganisha chanya ya hii na hasi ya ile, kama nilivyowahi kuona kwenye lori. Mota ikalia kama mbuzi, halafu paa! Kimya. Harufu. Mke wangu akasema kutoka chumbani kwamba nyumba ikiungua nitangulize cherehani yake.

Kumbe ni fyuzi tu iliyokatika. Fundi kanipa nyingine, akaeleza kuwa nilizidisha volti mara mbili, na kwamba katika boti yangu fyuzi ndiyo pekee yenye akili. Ana utani sana fundi yule. Nampenda.

Ijumaa, 8 Mei

Tumepakia. Betri nyuma, mota nyuma, mimi nyuma: pua ya boti ikatazama mawinguni. Dawa yake nikaijua mara moja, gunia la mchanga mbele. Sasa boti imelala sawa kabisa. Maji yamebakiza shubiri moja kuingia, lakini boti nzito haitikisiki ovyo.

Mke wangu aliweka makasia ndani. Nikayatoa. Akayarudisha. Nikayatoa tena. Mara ya tatu nikamwachia, mwanamke yule ana moyo mgumu. Nimeyafunika na turubai ili mzee asikumbuke mambo.

Jumamosi, 9 Mei

Naandika haya kwa furaha, mikono ina malengelenge ya makasia.

Mzee alifika na kofia yake na mkebe wa chambo. Alitazama betri ya Bwana Vipimo, akauliza kama hicho ndicho chakula cha mchana. Akaja kwangu. Akasoma kwa sauti, polepole: NGUVU. Akapanda! Nusura nilie mbele za watu.

Kasi ya tano. Tulimpita Bwana Vipimo kama amesimama, nikampungia mkono. Mzee kashika kofia kwa mikono miwili. Niliimba. Dakika ya ishirini na nane mota ikaanza kunguruma kwa sauti nzito, ikapunguza, ikapunguza, ikanyamaza. Katikati ya bwawa. Nilibonyeza swichi zote, hata ya taa. Nikamwambia mzee tumefika. Nikasema ni hapahapa, nilikuwa napatafuta hapa.

Mzee akatupa ndoano. Sikuthubutu kumtazama. Baada ya muda ugwe ukakaza, akavuta samaki mrefu kama mkono wake hadi kiwiko. Halafu mwingine. Upepo ulitusukuma taratibu, wala hatukujua tunaelekea wapi. Akaanza kunisimulia alivyomposa mama mkwe, jinsi alivyokataliwa mara mbili na mara ya tatu akaenda na viatu vya kuazima. Miaka kumi na moja sijawahi kusikia habari hiyo! Nilicheka hadi nikasahau aibu. Bwana Vipimo alikuja mara mbili kutaka kutuvuta kwa kamba. Mzee akamwambia atangulie, anatufukuzia samaki.

Tulirudi kwa makasia, kila mtu na lake. Tulizunguka duara mbili kwa sababu ana nguvu kunishinda. Samaki sita! Bwana Vipimo alikuwa na mmoja, na alikuwa amempima.

Tulipofika nchi kavu mzee akaniwekea mkono begani. Akasema mbele ya wote: "Mwanangu, mwezi ujao tunakwenda tena. Lakini hiyo betri iache nyumbani."

Mwanangu! Bwana Vipimo alisikia. Nimehakikisha kwa kumuuliza.

Jumapili, 10 Mei

Nimeamka na mgongo mbovu na moyo mweupe. Mke wangu amekaanga samaki wawili, anaimba. Anasema mambo yako wazi: baba yake kapenda ule utulivu, kapenda makasia, kapenda kuongea na mimi. Maskini, mambo ya umeme hayajui.

Nimekaa nikayafikiri kwa makini. Betri ya pikipiki: yule bwana. Betri ya lori: mwanangu. Mwenye macho haambiwi tazama. Na mzee aliposema ile niiache nyumbani, maana yake kaona bado ni ndogo, ila ana adabu, hakutaka kunivunja moyo.

Kesho naenda karakana ya reli. Nasikia wanayo betri ya kichwa cha treni, hubebwa na watu sita. Boti yangu inachukua watatu tu, lakini hilo si tatizo. Nitaipeleka kwa safari mbili.