Saa ya Marehemu Asiyewahi Kuzaliwa

Mshale alikuwa amekaa kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kichwa ina nywele na nusu haina, alipoiona riziki yake ikiingia mlangoni imevaa saa mbili.

Riziki yenyewe ilikuwa mzee mmoja mnene mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye mtaa mzima ulimwita Misumari. Saa moja mkono wa kushoto, nyingine mkono wa kulia, na alipoketi kwenye benchi kusubiri zamu yake akatoa ya tatu mfukoni, akaipulizia pumzi, akaifuta kwa leso polepole kama anayempangusa mtoto pua.

Mshale akazihesabu zote tatu kwenye kioo cha kinyozi. Saa alizijua kama mganga anavyoyajua majani. Alikuwa fundi saa tangu siku zile watu wakisimamishana njiani kuulizana wakati, kabla simu hazijaja na kumpa kila mtu wakati wake mfukoni. Ufundi ulipokufa, yeye hakukaa matanga. Aligeuza kazi. Zamani alizifanya saa mbovu ziwe nzima. Sasa alizifanya saa mpya ziwe kuukuu.

Asiyejua mambo atauliza faida iko wapi. Saa ya bandia ikiwa mpya, hata kipofu ataikataa. Lakini ikizeeshwa vizuri, ikapata makunyanzi, doa la jasho na hadithi ya babu, watu wazima wenye vyeo vyao huivulia kofia.

Kinyozi alikuwa bado yuko sikio la kushoto, dobi wa jirani akaingia na furushi la taulo safi. Alipoiona ile leso ikifuta, akasita, akajongea kwenye benchi.

"Shikamoo, mzee. Naona wewe ni mjuzi. Hii aliniachia baba. Inafaa kitu?"

Misumari akabana lenzi jichoni, akaibandua saa mfuniko wa nyuma kwa kisu kidogo, akachungulia ndani kwa muda mrefu kuliko mtu anavyochungulia takataka.

"Chuma chakavu," akasema kwa huzuni. "Ila nimekuonea huruma. Shika hii ukanunue sabuni."

Dobi akashukuru mpaka taulo zikamponyoka. Alipotoka tu, Misumari akaibusu ile saa. Si kwa siri. Aliibusu kwa sauti.

"Inua kidevu," kinyozi akamwambia Mshale.

"Nimeinua," Mshale akajibu, na kweli kilikuwa juu kama cha bwana harusi. Mwizi anayejijua ni mwizi ni mgumu kuibiwa, maana hulala jicho moja wazi. Lakini mwizi anayejiona mfadhili wa maskini ni nyumba isiyo na komeo.

Kuanzia siku ile Mshale hakuonekana barazani. Alijifungia katika chumba chake nyuma ya duka la kutoa fotokopi, pale ambapo mashine za jirani zilitikisa ukuta na kumlazimu kubana pumzi kila aliposhika koleo zake. Alichukua saa ya bandia, nakala ya zile za kampuni moja ya ng'ambo ambayo wapenzi wa saa hawaitaji jina bila kusafisha koo kwanza. Uso mweupe wa saa ile akauchemshia chai ya rangi, akauloweka, akautoa, akaukausha juu ya jiko la mkaa hadi ukapata rangi ya karatasi ya hati ya zamani. Kasha akalitia ndani ya soksi pamoja na mchanga, akatembea nalo chumbani mchana kutwa akilitikisa. Kioo akakisugua kwa jivu. Mkanda wa ngozi akauvaa kifundoni, ndani ya soksi, kwa wiki mbili za jua, na harufu iliyopatikana haikuwa na mpinzani.

Kilichobaki kilikuwa kile cha ndani. Misumari alikuwa mtu wa kufunua mifuniko, na ndani ya saa ya bandia kuna kimashine chepesi kinachojisema chenyewe. Mshale akakaa akikitazama kikopo cha dawa ya meno kilichokuwa juu ya rafu. Humo, ndani ya pamba, alikuwa na mashine ya kweli ya kampuni ile ile, aliyoiokoa kwenye saa iliyoliwa na kutu. Miaka tisa alikuwa nayo. Alikuwa ameuza kitanda, ameuza redio, amemuuzia mtu baiskeli isiyokuwa yake, lakini mashine ile hakuigusa. Kilikuwa kitu pekee cha kweli mle chumbani, ukimhesabu na mwenyewe.

"Mpe chambo samaki," akajiambia, "na ndoano itarudi naye." Akaitia ndani ya saa, akaifunga. Ikaanza kutembea kama kwamba haijawahi kulala.

Kisha akaenda kwa shangazi yake.

Shangazi, dada wa marehemu baba yake, ndiye aliyemlea. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye umbo la kujitosheleza na kipaji kimoja adimu: alikuwa na uwezo wa kulia jicho moja moja, kulingana na upande aliokaa mteja.

"Safari hii nimefiwa na nani?" akauliza, pini zikiwa midomoni.

"Na rubani."

"Rubani nilishafiwa. Mwaka juzi, kwa yule mwenye duka la viatu."

"Basi mhandisi wa meli."

"Alikufaje?"

"Usiende mbali, Shangazi. Alikufa tu."

"Mume wangu hawezi kufa tu!" Akazitoa pini. "Alikuwa mpole? Alikuwa na kidomo? Lazima nijue namlilia kiasi gani, baba. Nisije nikamlilia mlevi kama namlilia sheikh."

Wakakubaliana kwamba mhandisi alikuwa mpole, mchache wa maneno, na hakujua kupika. Maagizo mengine yalikuwa mafupi: aende dukani kwa Misumari kama mtu anayeulizia bei za mabati, aangushe machozi, aseme anatafuta fundi wa kumsafishia saa ya marehemu. Na asimwachie ile saa hata dakika moja.

Shangazi akaenda Jumatatu. Akarudi jioni na nusu kilo ya misumari.

"Ameiona?"

"Ameiona. Ameifungua. Ameitazama."

"Akasemaje?"

"Akasema pole."

Hiyo ilikuwa ishara njema. Misumari akisema "chuma chakavu" ni biashara ndogo. Akisema "pole" maana yake ameshindwa kupata uongo wa haraka. Mshale akafurahi, akamwambia arudi Jumatano.

Jumatano alirudi na kopo la rangi ya buluu. Ijumaa, na vitasa viwili vya milango na kilemba kipya.

"Shangazi, ananunua au hanunui?"

"Bado anaiangalia."

"Anaiangalia saa, au anakuangalia wewe?"

"Mwanangu, mambo ya watu wazima hayana haraka," akasema shangazi, na akaufunga mlango kwa upole. Mlango ulikuwa na kitasa kipya.

Wiki ya pili yote shangazi alishinda dukani. Ikafika siku mbili Mshale hakumkuta nyumbani asubuhi wala mchana, cherehani imefunikwa shuka kama maiti. Mashine yake ilikuwa mkononi mwa mwanamke ambaye hakuwahi kumwogopa mtu. Akavaa shati la mikono mirefu, akajipa cheo cha mdogo wa marehemu, shemeji mkali mwenye haraka, akatoka kwenda kuifunga biashara mwenyewe.

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi alimkuta shangazi yake nyuma ya kaunta, akipima misumari ya inchi tatu kwenye mizani.

"Karibu," akasema shangazi bila kuinua uso. "Ukitaka ya inchi nne, subiri, imeletwa sasa hivi."

Misumari mwenyewe akatokea stoo, akapangusa mikono, akamkumbatia Mshale kifua kwa kifua.

"Mkwe wangu! Nilikuwa nakuja kwako, umeniwahi. Nimeambiwa wewe ndiye mwanamume pekee wa ukoo."

"Mkwe?" akasema Mshale. "Mimi ni... mimi ni mdogo wake marehemu."

"Marehemu yupi, mwanangu? Yule wa chai?" Misumari akavuta stuli, akamkalisha, akashusha sauti. "Uso umeuchemsha vizuri sana. Mimi pia nimechemsha nyuso nyingi ujanani, kabla sijafungua duka. Ila wewe una mkono. Nilipofunua mfuniko Jumatatu, nikajiuliza: ni mwehu gani huyu aliyetia moyo wa tembo ndani ya kuku?"

Mshale akamgeukia shangazi yake.

"Usinitazame hivyo," akasema shangazi. "Nilianza kulia kama ulivyonifundisha. Jicho la kushoto. Na huyu mzee, baada ya kuitazama saa, akalia na yeye! Mkewe alifariki miaka mitatu iliyopita, na hakuna aliyewahi kukaa naye akamsikiliza. Alilia macho yote mawili, baba. Nikaona haya. Nikamwambia ukweli."

"Ukweli! Shangazi!"

"Nimefiwa mara kumi na nne kwa ajili yako, na sijaolewa hata mara moja! Mtu mmoja aniulize kama naweza kuolewa kwanza, nikatae?"

Misumari akatikisa kichwa kwa fahari, mtu aliyepata mke na saa kwa safari moja. "Mahari nitaleta kwako. Na hiyo saa, basi, iwe ya nyumbani. Sisi sote ni familia."

Hapo ndipo Mshale alipoielewa hesabu yote. Mzee hakununua. Aliona kuoa ni nafuu. Damu ikampanda, akasahau ushemeji, akasahau upole wa marehemu, akasimama na kupiga kelele zilizofika barabarani:

"Nataka mashine yangu! Nipeni mashine yangu sasa hivi!"

Kivuli kikaziba mlango. Polisi mmoja mrefu, sare imenyooshwa mpaka inakata, aliingia ameshika bawaba iliyovunjika.

"Nilikuja kutafuta ya kufanana na hii," akasema. "Lakini nasikia kuna mashine. Mashine gani, na ni ya nani?"

Mteja mmoja aliyekuwa anachagua mabomba akayaweka chini taratibu.

"Afadhali umefika, afande," akasema Misumari kwa sauti ya mtu asiye na kosa duniani. "Kuna saa hapa. Mwambie afande, kijana. Saa hiyo ni yako?"

Mshale akafungua mdomo. Akisema ni yake, ataulizwa kwa nini mjane ameileta dukani kama ya marehemu. Akiulizwa hilo, litafuata la rubani na yule mwenye duka la viatu, na wale wengine kumi na wawili ambao baadhi yao wana mawakili. Akaufunga mdomo. Akaufungua tena.

"Ni ya... ni ya marehemu," akasema.

"Marehemu nani?"

"Kaka yangu, afande. Mhandisi wa meli."

Na hapo, bila kupanga, bila pini wala kitunguu, machozi yakamtoka. Yalitoka ya miaka tisa, ya kikopo cha dawa ya meno, ya mchanga ndani ya soksi. Mabega yakatikisika. Hakuwa amelia hivyo hata alipozikwa baba yake.

"Lia, shemeji, lia," akasema shangazi, akimpigapiga mgongoni. "Ukiyazuia machozi yatakuletea presha."

Polisi akavua kofia. "Poleni sana. Alikuwa anaumwa?"

"Hapana, afande," Mshale akasema kwa kwikwi. "Moyo wake ulikuwa mzima kabisa. Hilo ndilo linaloniuma."

Polisi akainamisha kichwa, akatafuta mfukoni, akatoa noti aliyokuja nayo kununulia bawaba. Mteja wa mabomba naye akaona haya, akatoa yake. Mshale akaupanua mkono wake wa huzuni kupokea, lakini noti zote mbili zikampita kwa heshima zikaenda kutua mikononi mwa mjane, maana rambirambi ina wenyewe. Macho yote yakamgeukia Misumari. Akafungua droo ya duka kama anayefungua kidonda, akatoa zaidi ya wote, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama.

"Na ile saa?" akanong'ona Misumari polisi alipogeuka kuchagua bawaba. Akanyoosha kiganja. "Nipe nikuwekee kabatini."

"Kabatini kwa nini?" Shangazi akaipandisha mikono ya gauni lake. Saa ilikuwa pale kwenye kifundo cha mkono, imekaa kama iliyozaliwa naye. "Saa ya marehemu ni ya mjane. Afande amesikia, na duka zima limesikia. Na wewe ile ya dobi uliyojisifia kwangu, kesho asubuhi utamrudishia, ama mahari yako ukaolee cherehani."

Misumari akamtazama Mshale. Mshale akamtazama Misumari. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, kila mmoja akamwonea mwenzake huruma ya kweli.

Mshale akafuta uso kwa mkono wa shati na kuelekea mlangoni. Shangazi akamwita, akampa kopo la rangi ya buluu lililobaki nusu, apake chumba kabla wageni wa posa hawajafika. Halafu akaitazama saa, akaileta sikioni, akatabasamu.

"Saa sita kasoro robo," akasema. "Wahi, mwanangu. Nimewaambia waje saa nane."