Walinzi wa Nyumba ya Vibidio

Vibidio hakuwahi kufanya kazi ya jasho tangu azaliwe, na alijivunia jambo hilo kuliko toga yake ya kuazima, vazi la waungwana wa Roma. Siku alipowasikia majirani wakimcheka Mzee Burro, tajiri wa kufua nguo, kwamba amejenga jumba lakini jikoni hana hata kisanamu kimoja cha mungu wa ukoo wa kulinda nyumba, Vibidio aliumezea mate utajiri ule.

Alinunua visanamu viwili vya shaba sokoni, akavifukiza kwa moshi wa mafuta ya nguruwe mpaka vikazeeka miaka mia tatu kwa mchana mmoja. Kisha akabisha hodi kwa Burro huku machozi yakimtoka. Machozi alikuwa nayo tele. Aibu ndiyo iliyompungukia.

"Hawa ndio walinzi wa nyumba yetu, mzee wangu. Babu wa babu yangu aliwaokoa motoni. Nimebaki peke yangu. Nipe chochote tu, hata mfuko wa dhahabu."

Burro alivinusa. "Wananukia nyama."

"Tumewalisha vizuri."

"Pole, kijana. Lakini miungu ya ukoo haiuzwi kama vitunguu. Ukiitenga na damu yake, itanichomea nyumba. Sasa, mimi sina mtoto, wewe huna baba. Kwa nini usiwe mwanangu? Itaingia nawe kihalali, na nikifa vyote ni vyako."

Mzee akakohoa. Kikohozi kile kilimfurahisha Vibidio kuliko zeze. Mjinga wa kutupwa huyu, alijisemea, hamalizi kipupwe! Mbele ya makuhani na watu wote wa mji alipoulizwa kama anakubali kuwa mwana wa Burro, aliitika kabla swali halijaisha.

Jioni hiyohiyo watumishi wa Burro walibomoa sakafu ya chumba cha Vibidio, wakabeba dhahabu aliyoichuma kwa utapeli wa miaka yote, pete za wajane, hata nyumbu wake.

"Baba! Hivyo ni vyangu!"

"Tangu lini hapa Roma mtoto akawa na chake ilhali baba yake yu hai? Sheria unaijua. Ulikuwa umeshughulika na mazishi yangu tu."

Akamkokota hadi kiwandani, kwenye birika la mikojo, sabuni ya Warumi, ambamo wafuaji walikuwa wakikanyaga nguo za waheshimiwa.

"Miungu ile ni ya uongo!" Vibidio alipiga kelele. "Mimi sina ukoo wowote!"

"Ndiyo maana nimekupa wangu. Vua viatu, mwanangu, mikojo inapoa."