Nilivyobadilisha Oili Mwenyewe

Jumatatu, 1 Julai 1996. Somanda, Bariadi.

Leo nimeanza shajara. Mtu anayekaribia kufanikiwa lazima aweke kumbukumbu, ili baadaye watu wasibuni yao.

Hali ni hii. Miaka kumi na tisa nilikuwa karani wa ghala la ushirika. Mwaka jana tukapunguzwa kazi, nikachukua kiinua mgongo changu nikanunua pikapu. Ya buluu. Ina kutu kidogo upande wa dereva, lakini mimi nikiwa ndani siioni. Sasa ni soko huria. Kila mwenye gari anabeba pamba, kila mkulima anamuuzia mnunuzi anayemtaka. Baba mkwe wangu kule Nkololo ametangaza kwamba Jumamosi yeye na majirani zake watachagua gari moja la kupeleka pamba yao kwa wanunuzi wa Dutwa msimu mzima. Walioomba ni wawili. Mimi na Maganga.

Maganga ni jirani yangu. Tulikuwa ghala moja, yeye anapima, mimi naandika. Naye kanunua pikapu. Nyeupe. Nitasema tu kwamba mtu anayeosha gari kila siku kuna jambo analificha.

Nisipopata kazi hii sina nyingine. Anna, mke wangu, nimemwambia ninazo tatu.

Jioni akapita fundi Luhaga. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akanusa, akauliza kama humo niliweka oili au lami. Akasema nisipobadilisha oili na filta kabla ya Jumamosi injini itanoki, isiwake tena. Nilete gari gereji kesho. Nikamwambia nitafikiria.

Nimeshafikiria. Ni kumwaga ya zamani na kutia mpya. Miaka kumi na tisa nimesaini vocha za oili. Fundi wa nini?

Jumanne, 2 Julai.

Nimekwenda kwa Faki, mwenye duka la vipuri karibu na stendi. Zamani oili ilikuwa aina moja, tena ikija. Sasa rafu nzima! Faki akauliza injini yangu ni ya aina gani. Nikamjibu ni ya aina ngumu. Akaniomba nimletee filta ya zamani alinganishe kwanza. Nikamwambia, kwa heshima, filta ni filta, bwana. Zilikuwepo mbili. Moja boksi lake limechakaa, nyingine boksi linang'aa. Nikachukua inayong'aa, na dumu la oili. Faki akaiweka ile nyingine pembeni, kwa namna isiyonipendeza.

Spana sina. Nimeazima namba kumi na saba kwa Maganga, nikamwambia ni ya kukazia kitanda. Kanipa, kisha akasema nikihitaji msaada na kitanda nimwite. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwelewa.

Jumatano, 3 Julai.

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi. Mgongo haugusiki.

Asubuhi nilipandisha magurudumu ya mbele juu ya mawe mawili bapa. Nikawasha injini kwanza, maana oili ya moto hushuka vizuri. Nikavua nguo zote nzuri nikabaki na bukta iliyochanika nyuma. Nikaingia chini na karai la Anna. Nati ya kumwagia oili ikagoma, nikaikaripia, ikafunguka ghafla ikanitoka mkononi na kuzama kwenye karai. Oili ikaja. Ya moto kwelikweli.

Hapo nikasikia hodi, kwa sauti ninayoifahamu. Mama mkwe! Kutoka Nkololo, bila taarifa.

Kama mjukuu wangu atasoma haya siku moja akiwa amekulia Dar, nimweleze. Kwetu Usukumani mwanamume hajitokezi ovyo mbele ya mama mkwe wake. Akikutana naye njiani humpisha, huchuchumaa mbali, husalimia akitazama chini. Kuchomoza toka chini ya gari kifua wazi, na bukta ile, ni habari ambayo Nkololo wangeisimulia hadi mwaka 2000. Nikavuta miguu ndani.

Wakasalimiana, mwangaluka mayu, mwangaluka. Anna akamwambia nimekwenda mjini. Nilimshukuru kimoyomoyo, mpaka nilipomsikia anamwekea kigoda kivulini. Kivuli cha gari.

Saa nzima na nusu. Mbele yangu visigino viwili na ncha ya kanga. Karai likajaa, likafurika, oili ikanifuata mgongoni. Kusogea siwezi, kulia siwezi. Huko juu wanakula matobolwa, viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na karanga. Harufu yote inashuka kwangu.

Nikasikia kila kitu. Mama mkwe ametumwa kuchunguza. Akasema baba anapenda kunipa mimi pamba kwa kuwa ni mtoto wa nyumbani, ila wazee wenzake wanasema Marcelo, yaani mimi, ni maneno matupu, tangu ushirika umwache anazunguka mjini kama mtu aliyeibiwa ng'ombe. Hilo lilinichoma kuliko oili. Kisha nikamsikia Anna akisema, taratibu, kwamba mumewe hajawahi kumaliza siku bila kujaribu kitu, na kwamba yeye hajajuta kuolewa naye. Nikatokwa na machozi. Inawezekana ni oili.

Halafu nikapiga chafya.

Mama mkwe akauliza kuna nini chini ya gari. Anna akasema ni kuku anaatamia. Mama mkwe akauliza mayai mangapi. Anna akasema hajayahesabu. Kisha mama mkwe akainuka, akasema jua limemchosha, anaingia ndani kulala, atageukia ukutani na hatatoka mpaka aitwe. Aliyasema kwa sauti kubwa sana, akiwa ameelekea kwenye gari. Nadhani masikio yake yameanza kuzeeka.

Kwa vyovyote, hakushuku kitu. Nimeponea kwa akili.

Alhamisi, 4 Julai.

Mama mkwe ameondoka asubuhi. Nilimsalimia rasmi, na suruali yangu ya Pasaka na shati la mikono mirefu juu ya vidonda, nimechuchumaa kule karibu na choo. Akaitikia vizuri. Akauliza kama yule kuku ameamka salama. Nikajibu kuku wote wazima.

Gari langu bado liko juu ya mawe, kwa hiyo Maganga akajitolea kumrudisha. Maganga si mkwe wake, anaweza kukaa naye mbele. Mimi hata ningekuwa na gari zima ningemweka nyuma na magunia. Mila zetu zinampendelea Maganga. Mama mkwe akaomba ile oili chafu apake nguzo za ghala lake, mchwa wanamsumbua. Anna akaimimina yote kwenye dumu. Wakaondoka.

Baada ya hapo nilifanya kazi kwa utulivu. Filta ya zamani niliitoboa kwa bisibisi nikaizungusha, ikatoka. Filta mpya ikakataa kuingia. Mdomo wake ni mpana kupita kiasi. Nikarudi kwa Faki na ile ya zamani mkononi, nikamwambia nimekuja kumpa nafasi ya kurekebisha kosa lake. Akainama chini ya meza muda mrefu, akitafuta kitu. Alipoinuka macho yake yalikuwa mekundu. Akanibadilishia, nikachukua ile ya boksi lililochakaa.

Ikaingia vizuri. Nikafungua juu ya injini nikaanza kumimina oili mpya polepole, kama mtu anayemmiminia mgeni maziwa. Nikapima. Kijiti kikavu. Nikaongeza. Kikavu. Nikamwambia Anna hii injini ilikuwa na kiu ya miaka. Nikamimina dumu zima la Faki.

Anna akauliza kama ule mto unaotoka chini ya gari unatakiwa kuwepo.

Nati!

Nikamuuliza nati iko wapi. Akauliza nati ipi. Nati ilikuwa kwenye karai. Vya kwenye karai vimo kwenye dumu. Dumu liko njiani kwenda Nkololo, ndani ya gari la Maganga, miguuni pa mama mkwe.

Nimeenda kulala bila kula.

Ijumaa, 5 Julai.

Nimetafakari. Kumtumia mama mkwe ujumbe kuhusu nati ni kukiri kwamba nilikuwa chini ya gari, na hapo habari ya kuku itaanguka. Haiwezekani. Faki anasema nati ya namna ile ataipata kutoka Mwanza Jumatatu. Luhaga anazo kwenye kopo lake, lakini anataka aje kuifunga mwenyewe aone kilichotokea. Akija Luhaga, hadi adhuhuri Somanda yote itakuwa inajua. Heshima nayo ni mali.

Nimepata njia. Nimekata kipande cha mpini wa jembe, nikakichonga kama kizibo, nikakizungushia pamba fifi, ile chafu isiyo na bei. Pamba safi ni ya kuuza. Nikakigongelea kwenye tundu la nati kwa nyundo. Oili ya pili nimeipata kwa kumwachia Faki baiskeli yangu, kwa muda tu. Nikamimina. Halikudondoka hata tone! Nikawasha injini robo saa, ikanguruma vizuri.

Anna kaja, kachungulia, kauliza kwa nini nisimwite Luhaga. Nimemweleza kwamba huu ni ubunifu. Akasema yeye anataka tu Jumamosi ipite, maana watoto wanarudi shule na hajui tutawapeleka na nini. Nikamwahidi. Wanawake huogopa mbao.

Ile taa nyekundu ya oili mbele ya usukani inawakawaka. Nimeibandika plasta. Dereva anatakiwa kutazama barabara.

Jumamosi, 6 Julai.

Nilitoka saa mbili asubuhi, shati jeupe. Nusu ya kwanza ya njia nilikuwa nikiimba. Nusu ya pili injini ikaanza kuimba na mimi, sauti ya kinu cha kusagia chenye mawe ndani. Nikaongeza mwendo ili nifike kabla haijamaliza wimbo wake.

Wazee walikuwa wamekaa mbele ya ghala la baba mkwe, magunia yamepangwa, pikapu ya Maganga pembeni, safi kama sahani. Nikaingia uwanjani nikipiga honi. Honi ndiyo ilikuwa ya mwisho kufa. Gari likatoa mshindo mmoja, likasimama hatua ishirini kabla ya magunia.

Wazee hawakunitazama mimi. Walitazama nyuma yangu. Mstari mweusi ulikuwa umenyooka katikati ya barabara, toka huko nilikotoka hadi chini ya gari. Mzee mmoja akasema ashukuriwe Marcelo, sasa hata kipofu hatapotea kwenda mjini.

Ndipo mama mkwe akatoka. Akasimama mbali, kama inavyotakiwa. Akatandika kitambaa chini, akaweka kitu juu yake, na bila kumtazama mtu akasema hiki kilikutwa ndani ya dumu, labda ni yai la yule kuku. Akageuka akarudi ndani. Ilikuwa nati yangu, imesuguliwa kwa majivu ikang'aa.

Walicheka wote. Baba mkwe alicheka hadi akashika nguzo. Maganga peke yake hakucheka. Alikuja akainama na mimi chini ya gari, akatazama, akanishika bega. Ningependelea angecheka.

Injini imenoki. Luhaga aliitazama baadaye, akavua kofia.

Pamba amepewa Maganga. Niliketi nyuma ya ghala, nikajisikia mzee na mjinga, na sikutaka kurudi nyumbani kumtazama Anna. Baba mkwe akanifuata huko. Akasema mizani ya hawa wanunuzi wapya haiaminiki, wanahitaji mtu wa kwenda na gari kila safari, asimame pale Dutwa aandike kilo kwa mkono wake. Akasema miaka kumi na tisa hakuna mkulima aliyewahi kulalamikia mwandiko wangu. Nimekuwa karani wa gari la Maganga, msimu mzima. Nilimshukuru nikitazama chini, na safari hii haikuwa kwa ajili ya mila.

Jumatatu, 8 Julai.

Safari ya kwanza Dutwa imekwenda vizuri. Mnunuzi mmoja alijaribu kupunguza kilo kwa kuweka goti chini ya gunia lililoning'inia kwenye mizani. Nikamwandika na goti lake. Wakulima wamenipigia makofi. Maganga kasema bila mimi wangeibiwa.

Anna amefurahi. Jioni alipika wali, akakaa karibu nami, akauliza kwa upole kama jambo hili limenifundisha kitu. Nikamjibu limenifundisha mengi. Mpini wa jembe ni mti mgumu mno. Kizibo kilitakiwa kiwe cha mti laini, unaovimba ukilowa. Anna akaondoka na sahani zake.

Kuna jingine. Leo njiani nimesikia mlio kwenye injini ya Maganga. Kidogo, lakini sikio langu sasa limefunzwa. Nilipomwambia akasema hakuna kitu, alibadilisha oili mwezi uliopita. Hivyo ndivyo magari yanavyokufa. Na gari hili ndilo linalobeba pamba yote ya Nkololo, na mimi juu yake, na ada za shule za watoto wangu juu yangu. Siwezi kukaa kimya.

Kesho Maganga anakwenda msibani, kaniachia ufunguo. Nitamfanyia wema bila kumwambia, aje akute imekamilika. Luhaga hana haja ya kusumbuliwa. Kazi yenyewe sasa ninaijua.