Kipande cha Diski Kilichokaa Bure

Jumanne, 4 Juni

Kompyuta yetu ina mifumo miwili: Windows ya mke wangu, ambaye ni mwalimu, na Linux yangu. Ukiiwasha, menyu inauliza unataka upi, na wa kwanza kwenye orodha ni wake. Miezi minane nimenyamaza. Leo, akiwa shuleni, nimeingia kwenye mipangilio kuupandisha wangu juu. Humo ndani nikakuta kipande kidogo cha diski, megabaiti mia tu, kimekaa bure. Nimekifuta. Usafi ni usafi.

Jumatano, 5 Juni

Skrini nyeusi. Kumbe menyu ilikuwa inakaa kwenye kipande kile! Alama za wanafunzi arobaini na wawili zimo ndani, na ripoti zinatakiwa Ijumaa. Mke wangu aliuliza kulikoni. Nikasema kompyuta inapumzika. Akanitazama kwanza, kisha akarudi kwenye madaftari yake.

Nimekwenda kwa shemeji, kaka yake, fundi wa kompyuta na mjuaji wa kila kitu. Nimemwambia ni kompyuta ya rafiki. Akauliza ni mpumbavu gani anafuta kipande kile. Nimekubali, shingo upande, kwamba rafiki yangu ni mpumbavu. Kaniazima flashi ya kuwashia kompyuta iliyokwama na maelekezo ya ukurasa mmoja.

Alhamisi, 6 Juni

Hatua tisa. Nimeruka ya pili na ya tatu, zilionekana za wanaoanza. Menyu ikarudi! Linux peke yake. Windows haimo.

Hapo nikaogopa kweli. Alama za muhula mzima, mke wangu kaziingiza moja moja kwa mikono yake. Nikaanza upya, hatua zote, kidole kwenye karatasi. Ya tatu ndiyo inayoitafuta Windows. Ikapatikana, na alama zote zipo.

Kugeuka, mke wangu yuko mlangoni. Shemeji alishampigia simu tangu jana kumpa pole.

“Mume wangu,” akasema taratibu, “huyo rafiki yako mwambie akiigusa tena, atahamia kwa shemeji yake.”

Nimeahidi kumfikishia.

Jumamosi, 8 Juni

Ripoti zilifika jana kwa wakati. Nyumba imetulia, hata nimemiminiwa chai. Asubuhi nimewasha kompyuta: inadai nywila! Mke wangu kaiweka akasahau kuniambia. Kazi zimemzidi, maskini. Yuko kwenye kikao cha wazazi, sitamsumbua. Nimeshasoma jinsi ya kuiondoa. Kuna faili moja tu la kufuta.