Kosa la Mita Mia

"Marekani wamesalimu amri!"

Soulé aliitoa habari hiyo kabla hata ya salamu, amesimama mbele ya kijiwe cha kahawa cha Mariamou, mtaa wa Mangarivotra mjini Mahajanga, Madagaska, mkoba wa ngozi kifuani, jasho limemlowesha kofia. Ilikuwa Mei, mwaka 2000. Watu walikuwa wametoka kuswali alasiri na kahawa ndiyo kwanza inamiminwa.

"Wamesalimu kwa nani?" aliuliza Hassane Redio, ambaye hakupenda habari iingie kijiweni bila kupitia kwenye redio yake. "Nimesikiliza taarifa zote leo. Sijasikia vita."

"Si vita, bwana. Setilaiti! Miaka yote hii walikuwa wanatupotosha makusudi. Jeshi lao linaona sawasawa, sisi raia tunapewa kosa la mita mia. Sasa kosa wamelizima. Kuanzia mwezi huu setilaiti inasema kweli kwa kila mtu."

"Hata kwa Mahajanga?"

"Hata kwa Mahajanga."

"Makubwa," alisema Fahardine Breki, mvuta posiposi, kile kigari cha abiria cha kukokotwa kwa mikono, akiinua miguu yake iliyochoka na kuiweka juu ya tofali. "Serikali yetu haijui kama barabara hii ipo. Marekani wanaikosea kwa mita mia tu?"

Soga zenyewe, tusidanganyane, zilikuwa za Kimalagasi, Kikomoro kikiingia pale mtu anapotaka kutukana kwa heshima, na Kifaransa pale anapotaka kuringa. Hapa zimewekwa Kiswahili ili na wewe upate kucheka.

Soulé akaketi kwenye kiti chake. Wengine walibanana kwenye benchi, lakini yeye alikuwa na kiti chenye egemeo, na alipewa na Mariamou mwenyewe, siku alipohamia kutoka kisiwa cha Nosy Be baada ya kustaafu ukarani wa mizani katika kiwanda cha sukari cha Dzamandzar. Kiti kile alikipenda mno. Siku hizi alikikalia kwa wasiwasi, kwa sababu kwa miezi miwili, kila asubuhi, Soulé alikuwa anakunywa kahawa kwa mwanamke mwingine.

Mwanamke huyo aliitwa Echata, na kijiwe chake kilikuwa upande wa Mahabibo. Kwa Mariamou jambo hilo halikuwa na msamaha. Soilihi, shemeji yake kabisa, alionekana ameshika kikombe cha watu sokoni siku moja tu, na mpaka leo hajaketi hapa. Soulé alikuwa amemwambia Mariamou kwamba tumbo lake linakataa kahawa asubuhi. Ukweli ni kwamba kule kwa Echata hakuna aliyemcheka. Kule walimwita Injinia, wakakisogelea chombo chake na kuuliza maswali. Alifurahi, kisha akaona aibu kwa kufurahi, na kesho yake akaenda tena.

"Sasa mtaona," alisema, akifungua mkoba.

Kikatoka kile kikompyuta cha kiganjani, kinachofunguka kama kasha la miwani, skrini ya kijivu, vibonye vidogo kama punje za mchele. Waya ulitoka ubavuni mwake kwenda kwenye kipokezi cha setilaiti, vyote vimefungwa pamoja kwa mpira wa baiskeli. Alikipata Nosy Be kwa Mfaransa mmoja mwenye mashua ya matanga, aliyesema ni chakavu, chukua. Ndani yake mlikuwa na ramani, lakini aliyeitengeneza hakuwahi kusikia habari za Mangarivotra, kwa hiyo Soulé aliichora mwenyewe, barabara kwa barabara, na kuandika majina: Nyumbani, Msikiti, Mariamou.

"Toba! Kimerudi," alisema Hassane. "Mwezi wa tatu si hiki kilichosema benchi hili liko baharini? Nikaenda nyumbani nikamwambia mke wangu Oumi nimeshinda baharini. Akaniuliza samaki wako wapi."

"Afadhali bahari," alidakia Fahardine. "Tulipovuka kwa mashua kutoka Ankify kwenda Nosy Be alimwambia nahodha tuko juu ya mlima. Abiria wawili wakatoa shahada."

"Lilikuwa lile kosa!" alifoka Soulé. "Nimewaambia kosa limezimwa. Tatizo ni betri tu, zimeniishia sasa hivi. Hassane, nipe za redio."

"Za redio? Kuna mpira saa kumi na moja!"

"Mpe, ushahidi uonekane," alisema mtu wa nne, Mchangama, waliyemwita Jaji kwa kuwa alikuwa tarishi wa mahakama kwa miaka thelathini na hukumu zote alizisikia mlangoni. Jaji akisema, kijiwe kinatii. Hassane akatoa betri mbili kwa uchungu.

Wakasubiri. Soulé alikiinua chombo juu na kuwaamrisha wasisogee. Fahardine akavua kofia ili asizibe njia.

"Kimeshika! Tazameni!"

Vichwa vikagongana. Nukta nyeusi ilikuwa imetulia juu kabisa ya neno Mariamou. Kijiwe kikalipuka kwa kelele. Mwenye jina akaja na birika mkononi.

"Yaani nimo humu?"

"Umo, dada."

"Marekani wananiona?"

"Wanakuona."

Mariamou akajitengeneza ushungi. Soulé alijiona amekua kimo kwa furaha. Walikuwa wanamtazama kwa yale macho ya Mahabibo, na hapa ni kwao.

"Na hivi vinukta vidogo vidogo vinavyokwenda huku?" aliuliza Jaji, akiweka ukucha kwenye skrini.

"Hiyo ni njia niliyopita leo," Soulé alijibu kwa majivuno. "Hakisahau hatua hata moja. Na saa kinaandika!"

Mdomo ulikuwa umeshatoka mbio, akili ikafika baadaye. Akaharakisha kukifunga chombo, lakini ukucha wa Jaji ulikuwa bado kwenye skrini.

"Basi tusome," alisema Jaji. "Nyumbani, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Vinukta vinapita Msikiti. Vinavuka barabara. Vinafika hapa, mahali pasipo jina, vinarundikana kama nzi. Mpaka saa moja na dakika tano! Soulé, hapa ni wapi?"

"Pale... nilipumzika."

"Dakika arobaini? Ulipumzika au ulihamia?"

"Hapo ni Mahabibo," alisema Fahardine, ambaye kila kona ya mji ameivuta kwa kifua. "Hapo ni kwa Echata. Kwa kahawa."

Mariamou akaliweka birika chini taratibu.

"Jamani, kuna kosa la mita mia!" alilia Soulé. "Setilaiti hizi haziaminiki!"

"Kosa lipi?" Jaji akatabasamu. "Si limezimwa? Na nani katutangazia?"

Hassane alicheka mpaka akasahau mpira wake. Lakini Mariamou hakucheka.

"Mimi, Soulé? Mimi ninayeamka alfajiri, nikaichoma kahawa kwa mkono huu huu, na iliki kama alivyonifunza bibi yangu kule Mutsamudu, Komoro? Wewe unaniambia tumbo, mpaka nakuchemshia tangawizi, kumbe unakwenda kunywa maji meusi ya watu?"

"Dada, nilikwenda kwa ajili ya... mazungumzo."

"Ndivyo wanavyosema wote," alisema Hassane.

"Inuka kwenye kiti changu."

Soulé akainuka. Mtu mzima wa miaka sitini na tatu, kiti cha mbao kinamtoa machozi. Fahardine tayari alikuwa anakipima kwa macho.

"Mahakama haihukumu kwa vinukta peke yake," alisema Jaji, aliyekuwa akifurahia siku hii kuliko zote tangu astaafu. "Lazima tukaone eneo la tukio. Mshtakiwa, tangulia na chombo chako."

Wakaondoka kijiwe kizima. Mariamou alifunika vikombe vyake akasema hana haja ya kwenda, hana kazi na wanawake wa Mahabibo, wamalize wao. Jaji akamwambia mlalamikaji hakosi kwenye kesi yake. Akafuata, nyuma kabisa, akiburuza ndala.

Soulé alijaribu kuwapoteza. Kwenye njia panda akakata kushoto. Kishale cha skrini kikageuka kulia.

"Chombo kinasema kulia, Komanda," alisema Hassane.

"Kinakosea."

"Leo kinasema kweli kwa kila mtu."

Walipokaribia, kikaanza kulia pii, pii, kama Soulé mwenyewe alivyokifundisha kifanye kikikaribia mahali. Wapita njia waligeuka. Kila mlio ulimwingia moyoni. Alijua akikosa kile kiti atabaki na kuta za nyumba yake na kikompyuta cha kuongea nacho, na hilo lilimtisha kuliko kuchekwa.

Echata alikuwa jikoni kwake, moshi umemzunguka, anakoroga sufuria kubwa ya kahawa. Alipouona msafara akajifuta mikono. Jaji akakohoa ili aanze. Soulé akafumba macho, anangoja kuitwa Injinia mbele ya watu.

Echata hakumtazama hata kidogo. Alimpita Jaji, akampita Hassane, akaenda moja kwa moja nyuma kabisa ya kundi.

"Mariamou! Umekuja mwenyewe leo? Kuna nini, ndugu yangu, mbona hata Magharibi haijafika? Kahawa ya wateja wako wa jioni ndiyo hii inachemka. Si nitakupitishia mlango wa nyuma kama siku zote?"

Jaji akabaki na mdomo wazi. Hassane akamtazama Fahardine, Fahardine akaitazama sufuria. Soulé akafumbua macho na kuona kwamba watu wote wamemsahau.

Mariamou hakupepesa jicho. Alilifuata benchi la Echata, akalifuta kwa upindo wa shiromani, ile nguo aliyojitanda, akaketi.

"Soulé, njoo ukae hapa kando yangu," alisema. "Na nyinyi mnashangaa nini? Kaeni. Hapa mtaipata ikiwa bado ya moto."